Kigezo, Parameta na Thamani Kaimu: Uhakiki wa Istilahi za Lugha za Maunzi

Utangulizi

Yapo maneno ya kigeni ambayo huingia katika Kiswahili kwa kishindo. Watu huyajadili magazetini na redioni mpaka yakapata kibali au yakakataliwa. Yapo mengine ambayo huingia kimya kimya kupitia vitabu vya mafundi, nayo hupewa tafsiri ya haraka na mtu wa kwanza anayekutana nayo, kisha tafsiri hiyo huzoeleka kabla haijapimwa. Neno parameta ni la kundi hili la pili. Aghalabu hutafsiriwa kwa neno “kigezo”, na wengi wetu tumeridhika.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo haifai. Ili kulithibitisha jambo hili tutaihakiki sehemu moja tu ya kiwango kimoja cha kimataifa, yaani sheria za kutangaza parameta katika kiwango Na. 1800 cha taasisi ya IEEE, kinachohusu lugha ya maunzi iitwayo SystemVerilog. Tumekichagua kiwango hiki kwa kuwa humo parameta limewekewa sheria kamili: wapi litangazwe, nani aweze kulipa thamani, na lini mlango wa kubadilisha ufungwe. Zaidi ya hayo, msomaji wa kwanza wa maandishi hayo ni mashine, nayo haijui kukisia alichokusudia mwandishi. Mahali kama hapo ndipo istilahi hupimwa barabara.

Lugha ya maunzi na kazi yake

Lugha ya maunzi ni lugha ya maandishi ambayo mhandisi huitumia kueleza saketi za kielektroniki. Badala ya kuchora kila waya na kila swichi, huandika maelezo. Kompyuta huyasoma maelezo hayo, huyajaribu, na hatimaye huyageuza kuwa mpango wa chipu. Lugha mbili ndizo mashuhuri. Ya kwanza ni Verilog, iliyoanza mwaka 1984 katika kampuni ya Gateway Design Automation ya Marekani, nayo ikapata kiwango cha IEEE Na. 1364 mwaka 1995. Ya pili ni VHDL, iliyotokana na mahitaji ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, nayo ikapata kiwango Na. 1076 mwaka 1987. Mwaka 2005 ilitolewa SystemVerilog, yaani Verilog iliyopanuliwa, kwa kiwango Na. 1800, na mwaka 2009 viwango viwili vya ukoo wa Verilog viliunganishwa kuwa kimoja chini ya namba hiyo ya 1800.

Maelezo ya saketi hugawanywa katika moduli. Moduli moja huweza kunakiliwa mara nyingi ndani ya chipu moja, na kila nakala ikawa na ukubwa wake: hii ya biti 8, ile ya biti 32. Kinachoziwezesha nakala hizo kutofautiana bila ya kuandika moduli upya ndicho kinachoitwa parameta. Thamani yake huamuliwa wakati saketi inapoundwa. Saketi ikishaanza kufanya kazi, thamani hiyo haibadiliki tena.

Mfano wa daraja

Kwa kuwa wasomaji wetu wengi si wahandisi wa chipu, natuchukue mfano unaoonekana kwa macho. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa rasmi Daraja la J. P. Magufuli, linalounganisha Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema, juu ya Ghuba ya Mwanza. Daraja hilo lina urefu wa takribani kilomita 3 na upana wa mita 28.45. Lina njia mbili za magari kila upande, pamoja na sehemu za dharura na za waenda kwa miguu.

Tuitazame ramani ya daraja la namna hiyo kwa jicho la mwanaistilahi. Kwanza, daraja hapana budi libebe uzito uliowekwa na kanuni za ujenzi. Uzito huo ni kipimo cha kufaulu au kushindwa: kazi ikikamilika, mkaguzi huuliza kama sharti limetimizwa. Pili, idadi ya njia za magari ni uamuzi wa mwenye kuagiza kazi. Angeweza kutaka njia mbili, nne au sita, na mhandisi angeanza hesabu zake kutoka hapo. Tatu, upana wa daraja unatokana na uamuzi huo wa pili. Ni jumla ya njia za magari, sehemu za dharura, njia za miguu na kingo zake. Haiwezekani mtu akaagiza njia sita za kiasi kile kile, na wakati huo huo akaagiza upana ubaki kama ulivyokuwa kwa njia nne.

Mambo hayo matatu ni tofauti kabisa. La kwanza hutimizwa, la pili huchaguliwa, la tatu hukokotolewa. Hata hivyo, katika Kiswahili cha ofisini yote matatu huitwa “vigezo vya daraja”. Hapa ndipo ugonjwa ulipo.

Udhaifu wa neno kigezo

Neno kigezo ni neno zuri, nalo lina kazi yake. Twasema vigezo vya ajira, vigezo vya mkopo, vigezo vya kuchagua wanafunzi. Na matangazo ya biashara yametuzoesha maneno “vigezo na masharti kuzingatiwa”. Katika matumizi yote hayo, kigezo ni kitu ambacho mtu au kazi hupimwa nacho. Swali linalokifaa ni hili: je, kimetimizwa?

Parameta halijibu swali hilo. Swali linalolifaa ni jingine: je, limepewa thamani gani? Huu ndio mtihani rahisi ambao mfasiri anaweza kuutumia kila anapolikuta neno hili katika maandishi ya kigeni. Jambo likiwa la kutimizwa, aandike kigezo. Likiwa la kupewa thamani, asiandike kigezo.

Baadhi ya watu watasema kwamba tofauti hii ni ya wanazuoni tu, na kwamba muktadha utamsaidia msomaji. Hatukubaliani nao. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kwa hiyo, mikataba na viambatisho vyake vya kiufundi vina kila sababu ya kuandikwa kwa Kiswahili. Tuseme kiambatisho kimojawapo kimeandika kwamba “kigezo cha upana ni mita 28”. Mwenye mali ataisoma kauli hiyo kama amri, kwamba upana usipungue hapo. Mkandarasi ataisoma kama thamani ya kuanzia, ambayo anaruhusiwa kuibadilisha akibadilisha mengine. Wote wawili watakuwa wamesoma Kiswahili sanifu. Ugomvi wao utafika mbele ya hakimu, na hakimu atatafuta maana ya neno ambalo sisi tulilipa maana mbili.

Maneno mengine yaliyopendekezwa

Wapo wanaopenda neno “kipimo”. Lakini kipimo ni tokeo la kupima au chombo cha kupimia. Parameta huwekwa kabla hakijakuwapo kitu cha kupimwa. Wapo wanaotaka “kigeu”, kwa hoja kwamba thamani ya parameta hutofautiana. Hoja hii ina ukweli nusu. Thamani hutofautiana kati ya nakala na nakala, lakini haigeuki ndani ya nakala moja inapofanya kazi. Neno kigeu lingefaa zaidi kwa vitu vile ambavyo hugeuka saketi inapokuwa kazini, navyo ni vingi. Tukimpa parameta jina hilo, tutakuwa tumewanyang’anya wenyewe.

Kwa maoni yetu, neno la mkopo “parameta” litumike. Linatamkika bila ya taabu, linaishia na irabu, na linakaa vema katika ngeli moja na saketi na kompyuta: parameta hii, parameta hizi. Kukopa si aibu. Tumekopa mita na lita, na hakuna mkulima wala mvuvi anayeyaona kuwa maneno ya kigeni leo. Jambo la kuogopwa si mkopo, bali ni neno la nyumbani linalobebeshwa mzigo wa pili huku la kwanza halijatuliwa.

Sheria za kiwango na kasoro yake

Sasa tukitazame kiwango chenyewe, kwa maana nacho hakikosi lawama.

Katika Verilog ya mwaka 1995, parameta ilitangazwa ndani ya mwili wa moduli kwa neno “parameter”. Kila iliyotangazwa hivyo ilikuwa wazi: mwenye kunakili moduli aliweza kuipa thamani nyingine. Aliweza hata kuifanya kazi hiyo kutoka mbali, katika sehemu nyingine ya maandishi, kwa neno “defparam”. Hapakuwa na njia ya kuandika thamani iliyokokotolewa na kuifunga. Kwa mfano wetu wa daraja, mtu wa nje angeweza kubadilisha idadi ya njia, na mwingine akabadilisha upana, bila ya kuulizana.

Toleo la mwaka 2001 lilileta dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa neno jipya, “localparam”, kwa ajili ya thamani ambayo mtu wa nje haruhusiwi kuigusa. Ya pili ilikuwa orodha ya parameta katika kichwa cha moduli, ili msomaji azione kabla hajaingia ndani. Tangu hapo mwandishi aliweza kuiweka idadi ya njia katika orodha ya kichwani, na upana akautangaza ndani kwa neno la kufunga. Haya yalikuwa maendeleo makubwa. Kila dhana ilipata neno lake, na kila neno likapata mahali pake.

Lakini SystemVerilog ilikwenda hatua moja zaidi, na hapo ndipo tunapotofautiana nayo. Kwa mujibu wa kiwango Na. 1800, moduli ikiwa na orodha ya parameta kichwani, hata orodha hiyo ikiwa tupu, basi neno “parameter” likitumika ndani ya mwili wa moduli hiyo huwa na maana sawa na “localparam”. Moduli isipokuwa na orodha kichwani, neno lile lile mahali pale pale hubaki na maana yake ya zamani. Kwa maneno mengine, neno moja huweza kumaanisha kilicho wazi au kilichofungwa, na kinachoamua ni jambo lililoandikwa mistari mingi juu yake.

Tuseme fundi anataka kuongeza orodha kichwani katika moduli ya zamani, kwa nia njema ya kuipanga. Hakugusa hata neno moja la ndani. Hata hivyo, parameta zote zilizokuwa wazi ndani ya mwili zimefungwa kwa mpigo mmoja. Mtu wa nje aliyezoea kuzipa thamani atakuta mlango umefungwa, na akiyasoma maandishi ya ndani ataona neno lile lile alilolizoea.

Sisi watu wa lugha tunaifahamu hali hii. Miaka yote ya kuvuka kwa maji pale Kigongo, neno “kivuko” lilikuwa na maana mbili: mahali pa kuvukia, na chombo kinachovusha. Tangazo likisema kwamba kivuko kimefungwa, msafiri alipaswa kuuliza kama ni chombo kimoja kilichoharibika au ni njia nzima iliyosimama. Binadamu huuliza, akajibiwa, akaendelea na safari. Mashine haiulizi. Ndiyo maana wingi wa maana ambao lugha ya kawaida huustahimili, tena wakati mwingine huufurahia, ni hatari katika kiwango cha kiufundi.

Haki yataka tuseme upande wa pili pia. Waandishi wa kiwango hawakuwa na uhuru wa kuanza upya. Maandishi ya zamani yasiyo na orodha kichwani yalikuwa mengi, na chini ya sheria hii yamebaki sahihi. Kadhalika, si busara kuacha parameta wazi zitawanyike mahali pawili, kichwani na mwilini, kwani mwenye kuzipa thamani kwa mfuatano asingejua aanze kuhesabu wapi. Shabaha ilikuwa njema. Kosa ni kuifikia kwa kubadilisha maana ya neno bila ya kubadilisha neno. Ingetosha kulipiga marufuku neno “parameter” ndani ya mwili wa moduli yenye orodha, na kumlazimisha mwandishi aandike “localparam” kwa mkono wake mwenyewe.

VHDL inatupa mfano bora zaidi. Humo, thamani zinazopokewa kutoka nje hutangazwa kwa neno moja katika sehemu yake maalumu, na thamani zisizobadilika za ndani hutangazwa kwa neno jingine. Neno na mahali hukubaliana.

Mapendekezo ya istilahi

Somo tunalolipata kwa kazi yetu ni kwamba istilahi ya Kiswahili iseme yenyewe ni nani mwenye ruhusa ya kubadilisha thamani. Msomaji asilazimike kurudi ukurasa wa kwanza ili ajue.

Walimu wa Kiswahili wanazifahamu silabi wazi na silabi funge. Tunapendekeza mgawanyo huo uhamishiwe hapa: “parameta wazi” ni ile inayoweza kupewa thamani kutoka nje ya moduli, na “parameta funge” ni ile isiyoweza. Wapo watakaosema kwamba ya pili iitwe “thabiti” tu. Tunawaomba waukumbuke upana wa daraja. Upana umefungwa dhidi ya mkono wa mtu wa nje, lakini si thabiti, kwa sababu idadi ya njia ikiongezwa nao huongezeka. Neno thabiti lingemwambia mwanafunzi kwamba thamani hiyo ni moja katika nakala zote, nalo si kweli.

Tukija kwenye thamani ambayo parameta huwa nayo iwapo hakuna aliyeipa nyingine, programu nyingi zilizotafsiriwa hutumia “chaguo-msingi”. Neno hili limeenea, lakini lina kasoro: linataja chaguo mahali ambapo hakuna aliyechagua. Watumishi wa serikali wanalo neno lililo karibu zaidi na dhana hii, nalo ni kaimu. Kaimu hushika nafasi na kufanya kazi zote mpaka ateuliwe mwenye nafasi. Basi natuseme “thamani kaimu”, na ile inayokuja kushika nafasi yake tuiite “thamani teule”. Jozi hii inaeleza pia sheria nyingine ya kiwango Na. 1800, kwamba parameta iliyo katika orodha ya kichwani inaruhusiwa kukosa thamani kaimu, lakini hapo kila nakala ya moduli hiyo lazima ipewe thamani teule, na moduli yenyewe haiwezi kuchukuliwa kuwa kilele cha saketi bila ya kunakiliwa na nyingine. Afisi isiyo na kaimu haifunguliwi mpaka mteule afike.

Limebaki tendo la kutangaza lenyewe. Kiswahili kina maneno matatu ambapo Kiingereza kina moja. Tuna azimio, kama Azimio la Arusha la mwaka 1967, tuna tamko, na tuna tangazo. Azimio ni la watu waliokaa wakakata shauri, na halihusiki hapa. Tamko lingefaa kama nomino, lakini kitenzi chake kingetuponza, kwa kuwa “kutamka parameta” ni kulitoa neno hilo mdomoni. Kutangaza na tangazo huenda pamoja bila ya matata. Maana ya tangazo la biashara haitamchanganya mtu anayesoma maandishi ya saketi; na kazi hasa ya tendo hili ni kulijulisha jina mapema, kabla halijatumika.

Kwa kifupi, tunapendekeza orodha ifuatayo:

Kigezo: jambo ambalo kazi au mtu hupimwa nalo, hutimizwa au hukosa kutimizwa.

Parameta: jina linalopewa thamani wakati wa kuundwa kwa saketi, lisilobadilika saketi ikiwa kazini.

Parameta wazi: parameta inayoweza kupewa thamani kutoka nje ya moduli.

Parameta funge: parameta isiyoweza kupewa thamani kutoka nje, ingawa huweza kukokotolewa kutokana na parameta wazi.

Thamani kaimu: thamani inayoshika nafasi iwapo nakala haikupewa nyingine.

Thamani teule: thamani ambayo nakala fulani ya moduli imepewa.

Kutangaza, tangazo: kulijulisha jina la parameta, aina yake na thamani yake kaimu kabla ya kulitumia.

Hitimisho

Kiswahili kimekwisha kuonyesha kwamba kinaiweza kompyuta. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya maandishi na hesabu za ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo ilihusu zaidi maneno anayoyaona mtumiaji: faili, chapisha, hifadhi. Maneno ya mtengenezaji bado yanasubiri, na kwa hayo kukisia hakutoshi.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu maneno haya darasani, na wafasiri wa mikataba wayajaribu katika viambatisho. Neno lolote kati ya haya litakaloshindwa mtihani wa maswali yale mawili, la kutimizwa na la kupewa thamani, liletwe hapa tena lijadiliwe. Lakini ni vema kazi hiyo ifanyike sasa, kabla “kigezo” hakijaingia katika vitabu vya saketi kama kilivyokwisha kuingia katika matangazo ya biashara, kwa sababu neno likishazoeleka kung’olewa kwake ni kazi ya kizazi kizima.